Mdoli wa NeoNatalie na kozi ya Helping Babies Breathe: je, vinamfaa daktari wa hospitali ya wilaya?

Ukiutoa kwenye mfuko wake, mdoli wa NeoNatalie ni plastiki laini iliyonywea, nyepesi, isiyofanana na mtoto hata kidogo. Mimina maji ya uvuguvugu takriban lita 2, funga kizibo, kisha uunyanyue. Kichwa kinaanguka nyuma, mikono inaning'inia, na kilo 2 zinakukalia viganjani vilevile anavyokaa mtoto aliyezaliwa mlegevu. Thamani ya kifaa hiki inaanzia hapo. Daktari aliyezoea kuuona uso wa mtoto mchanga kwenye slaidi anagundua papo hapo kwamba hajui kichwa akiweke wapi, wala vidole vyake vipite upande gani wa barakoa ya kusukumia hewa.

Mdoli huu ulitoka mwaka 2010, ukatengenezwa na Laerdal ya Stavanger, Norwei, kampuni iliyoanza kwa kuchapisha kadi za salamu na vitabu vya watoto, ikaingia kwenye vitu vya kuchezea, na ambayo mwaka 1960 ilitoa Resusci Anne, mdoli ambao madaktari wengi duniani wamejifunzia kukandamiza kifua. Kozi ya Helping Babies Breathe, inayofundisha kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua, ilizinduliwa mwaka huohuo wa 2010 na American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, pamoja na washirika wake, ikarekebishwa mwaka 2016. Tunavipima viwili hivi pamoja kwa sababu havitenganiki. Mdoli bila kozi huishia kuwa pambo la kabati, na kozi bila mdoli ni hotuba tu.

Kwa nini daktari wa jumla? Mkunga ndiye anayepokea watoto wengi, na mafunzo haya kwa kawaida humlenga yeye, jambo ambalo ni haki. Ila usiku thieta hali ni nyingine. Daktari bado anashona mji wa mimba, mtoto amekabidhiwa kwa msaidizi mmoja kwenye meza ya pembeni, halafu inasikika: "Dokta, huyu halii." Kuanzia sentensi hiyo, yeye ndiye mwenye maamuzi, hata kama mikono yake imo tumboni mwa mama. Asipojua hatua kwa mpangilio wake, ataagiza vitu visivyohitajika: haidrokotisoni, gilukosi, mtungi wa oksijeni kutoka wodi nyingine, na hayo yote yakitafutwa mtoto hapewi hewa.

Takwimu zinaonyesha wazi ni ujuzi upi unaohitajika. Katika kila watoto 100, takriban 85 hupumua wenyewe. Kama 10 wengine huanza kupumua wakikaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo. Watoto 3 hadi 6 huhitaji kusukumiwa hewa kwa ambubegi, yaani begi la kuminya kwa mkono, na barakoa. Wanaohitaji dawa au kukandamizwa kifua hawafiki hata mmoja. Kwa hiyo daktari ambaye mafunzo yake yote ni kuingiza mpira kwenye koo na kuchoma adrenalini, lakini hajui kuibana barakoa isivuje, amejifunza lisilotokea na kuacha linalotokea kila wiki.

Kilichomo ndani na namna kinavyofanya kazi

Seti kamili ina mdoli, ambubegi ya watoto wachanga, barakoa namba 1 kwa mtoto aliyetimiza miezi na namba 0 kwa njiti, kifyonza ute cha mpira kiitwacho Penguin, stetoskopu, vitovu vya mazoezi na vifungio vyake. Mkufunzi hushika vipira vidogo vilivyounganishwa na mirija. Kimoja hufanya kitovu kidunde chini ya vidole vya mwanafunzi, kingine huinua kifua kana kwamba mtoto anapumua mwenyewe. Hakuna betri wala waya. Umeme ukikatika, somo linaendelea.

Sehemu iliyobuniwa kwa akili kuliko zote ni shingo. Kichwa kikiinamia kifuani, hewa haipiti. Kikivutwa nyuma kupita kiasi, haipiti vizuri pia. Inapita kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo tu, kama mtu anayenusa harufu ya chakula kutoka jikoni kwa jirani. Hapo kifua kinapanda, na kinaonekana hata kwa aliyesimama hatua tatu mbali. Mwanafunzi haambiwi "umekosea", kifua kinamwambia. Sijaona picha wala video inayofundisha kwa kasi hiyo.

Ambubegi inastahili neno la peke yake. Ya kawaida hulala ubavu na ina ujazo wa takriban mililita 240. Laerdal wana nyingine iitwayo Upright, inayosimama wima juu ya barakoa, yenye mililita 320. Ukiiminya ya wima, nguvu ya mkono inashuka moja kwa moja juu ya barakoa na kusaidia kuziba mwanya. Ile ya kulala ina tabia ya kuinua ukingo wa barakoa upande mmoja kila unapoiminya, na hewa hutorokea pembeni mwa pua. Zote mbili zinafanya kazi. Kosa ni kufundishia moja na kutumia nyingine. Mkono uliozoea ya wima utababaika mbele ya ya kulala saa nane za usiku. Kabla ya somo, nenda leba na thieta uone ni ipi iliyopo, ufundishie hiyo.

Mapungufu ya mdoli wa kawaida yapo, na anayenunua ayajue. Haufai kwa mazoezi ya kuingiza mpira kwenye njia ya hewa, wala ya kuweka mrija kwenye mshipa wa kitovu. Ngozi yake haibadiliki rangi. Haukwambii umepuliza mara ngapi kwa dakika wala barakoa imevuja kiasi gani. Hayo yanategemea jicho la mkufunzi. Na kwa kuwa ni plastiki iliyojaa maji, sindano moja inatosha kuuharibu. Mtu asijaribu kuchoma vitamini K ya mazoezi kwenye paja lake.

Dakika ya dhahabu, na mahali inapopotelea

Kozi imejengwa juu ya sekunde 60 za kwanza, zinazoitwa dakika ya dhahabu. Ndani ya muda huo mtoto anakaushwa, kitambaa kilicholowa kinaondolewa, njia ya hewa inasafishwa endapo kuna kitu kinachoonekana kuziba, mgongo unasuguliwa, na kama bado hapumui, kitovu kinakatwa na pumzi ya kwanza ya ambubegi inaingia. Maneno ni machache. Shida iko kwenye saa.

Muda hupotelea sehemu tatu. Ya kwanza ni kufyonza. Mtu akishika kifyonza huwa hakiachi: mdomo, pua, mdomo tena, koo. Kila kuingiza ni sekunde, na kufyonza kwa kina huweza kupunguza mapigo ya moyo. Mdomo kwanza, pua baadaye, mara moja, basi. Ya pili ni kusugua. Mtoto aliyekosa hewa kwa muda mrefu akiwa tumboni huwa ameshapita hatua ambayo mguso unaweza kumwamsha. Ukimsugua dakika tatu, unasugua mtoto anayeendelea kukosa oksijeni. Kumpiga makofi, kumning'iniza miguu juu au kumkamua mbavu hakumsaidii, kunamjeruhi. Ya tatu ni oksijeni. Mtoto aliyetimiza miezi huanzishiwa hewa ya kawaida ya chumbani, kwa hiyo hakuna sababu ya kusubiri mtungi.

Gharama ya kuchelewa imepimwa hapa nchini Tanzania. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti walikaa na saa vyumba vya kujifungulia wakihesabu kila tukio. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kusukuma hewa ziliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 16. Mkufunzi aiandike namba hiyo ubaoni kabla ya kusema jambo lolote.

Baada ya pumzi ya kwanza, kasi ni takriban 40 kwa dakika. Hesabu ya Kiswahili inasaidia: "moja" unaminya, "mbili, tatu" unaachia. Taja kwa sauti ya kawaida, bila haraka. Wengi huenda mbio, pumzi 70 au 80, kwa sababu ya hofu, na kifua hakipati nafasi ya kushuka.

Kifua kisipopanda, kozi inafundisha mfuatano unaoanzia kichwani, ukaja mdomoni, ukaishia kwenye begi. Weka kichwa na barakoa upya. Angalia mdomo, ondoa ute, ufungue kidogo. Kisha minya kwa nguvu zaidi. Pumzi za mwanzo huhitaji nguvu kuliko zinazofuata kwa sababu mapafu bado yana majimaji, na anayeogopa kuumiza mapafu huminya kwa vidole viwili asiingize kitu. Bado hewa inavuja? Ita mtu wa pili: mmoja ashike barakoa kwa mikono miwili, mwingine aminye. Baada ya dakika moja ya hewa inayoingia kweli, pima mapigo kitovuni au kwa stetoskopu. Chini ya 100 ni ya polepole.

Somo zuri ni lile ambalo mkufunzi anafanya kusudi mambo yaharibike. Aizuie shingo. Aache kukibonyeza kipira cha mapigo. Anyamaze. Mwanafunzi anayepata mdoli unaopona kila mara baada ya pumzi tano anajifunza jambo la hatari, kwamba pumzi tano zinatosha.

Cheti cha siku moja

Hapa ndipo tunapotofautiana na namna mafunzo haya yanavyouzwa na kununuliwa. Kozi ya siku moja au mbili, ikiwa na mkufunzi 1 kwa wanafunzi wasiozidi 6 na mdoli mmoja kwa kila wawili, inaendeshwa vizuri na inapendeza. Wanafunzi hutoka wakiwa na furaha na cheti. Tatizo ni kile kinachobaki baada ya miezi.

Tanzania ina ushahidi wa pande zote mbili. Kozi iliposambazwa katika hospitali 8 nchini, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuwa makubwa: vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila 1,000, na watoto wafu waliokufa muda mfupi kabla ya kuzaliwa wakapungua kutoka 19 hadi 14. Punguzo hilo la pili linaeleza mengi. Baadhi ya waliokuwa wakiandikwa "mfu" hawakuwa wafu. Walikuwa hai, hawakupewa hewa tu.

Mwaka huohuo wa 2013 Haydom walichapisha jambo lisilopendeza masikio. Baada ya kozi ya siku moja, waliofaulu zoezi la kufufua mtoto kwenye mdoli walipanda kutoka asilimia 18 hadi 74, na uwezo huo ulipimwa miezi 7 baadaye. Ila chumba cha kujifungulia hakikubadilika. Watu walewale waliofaulu darasani walifanya kazi vilevile kama zamani walipokutana na mtoto wa kweli.

Hawakuitupa kozi. Waliikatakata. Badala ya siku moja kwa mwaka, wakaweka mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki wodini, na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Vifo ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015. Mdoli ulikuwa uleule, na somo lilelile. Kilichobadilika ni ratiba, na mahali mdoli ulipowekwa.

Utaratibu huo wa dozi ndogo za mara kwa mara ndio uliobebwa hadi kwenye mpango wa Safer Births Bundle of Care, uliopelekwa katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, pamoja na vifaa vingine vya kufuatilia mapigo ya mtoto. Matokeo yake ya mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa vikipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000.

Kwa hiyo daktari mfawidhi anayepanga bajeti ya mafunzo ajiulize ananunua nini. Semina ya hotelini yenye posho na chai ya saa nne inamaliza fedha ambazo zingenunua midoli, na ujuzi wake unayeyuka. Mfumo wa pointi za mafunzo endelevu nao una lawama yake. Pointi huhesabu saa ulizokaa ukumbini, wakati dakika 5 za kila Jumatatu kando ya meza ya leba hazina wa kuzisaini. Mabaraza ya madaktari yangetoa pointi kwa daftari la mazoezi ya wodini lililosainiwa na mkufunzi, mambo yangebadilika haraka kuliko kwa waraka wowote.

Daftari lenyewe halina ugumu. Safu nne: tarehe, jina, sekunde hadi pumzi ya kwanza, kifua kilipanda au la. Zoezi lianze baada tu ya ripoti ya asubuhi, watu wawili wawili, daktari na mkunga pamoja kwa sababu usiku watakuwa pamoja. Mmoja asome saa. Kabla ya yote aliyeshika ambubegi aipime: azibe barakoa kwa kiganja, aminye, asikie vali ya usalama ikifunguka, aachie na kuona begi likijaa tena. Halafu mdoli unakabidhiwa ukiwa umelowa, mlegevu, na saa inaanza. Dakika tatu zikiisha, waambiane kosa moja, warudie mara moja. Wapite wengine.

Daktari ndiye anayekosekana zaidi kwenye mazoezi haya, kwa kisingizio cha mzunguko wa wodi. Njia iliyo rahisi ni kuweka mdoli wa pili thieta, na kufanya zoezi wakati mgonjwa wa upasuaji uliopangwa anasubiri ganzi ishike. Ambubegi inayopimwa hapo ndiyo itakayotumika dakika chache baadaye.

Toleo lenye kompyuta

NeoNatalie Live ni mdoli uleule ukiongezewa vipimo ndani, unaozungumza na tableti bila waya. Unachagua aina ya mtoto, mwepesi au mgumu, na ugumu wa mapafu unabadilika. Ukimaliza, skrini inakuonyesha kasi ya pumzi, barakoa ilivuja kiasi gani, kichwa kilikaaje, na ulisimama mara ngapi katikati. Kusimama huko ndiko jicho la mkufunzi hukosa. Mtu anapuliza vizuri sekunde 10, anaacha kuangalia, anapuliza, anaacha kusikiliza, na jumla yake ni nusu dakika bila hewa.

Kwa daktari wa zamu ya usiku aliye peke yake, toleo hili ni bora, kwa sababu linafundisha bila mkufunzi. Lakini linahitaji kuchajiwa, tableti isiyoazimwa kwa kazi nyingine, na mtu mmoja mwenye jukumu la kulitunza. Kituo kisicho na mtu huyo kichukue la kawaida, kinunue mawili.

Usafi na utunzaji

Ambubegi na Penguin vya mazoezi visichanganywe na vya mgonjwa. Weka alama ya rangi. Vya mgonjwa vifunguliwe vipande vyote, vioshwe kwa sabuni, kisha vichemshwe. Kozi inataja dakika 10 za maji yanayotokota, ila miongozo mingi ya kuzuia maambukizi inataka 20, na 20 ndizo salama. Penguin inafunguka kabisa na kuonekana ndani, tofauti na vile vipira vya duara vya zamani ambavyo huwezi kujua kimebaki nini. Kikaushe kabla ya kukirudisha. Wakati wa kuunganisha ambubegi, vali ndogo ya mpira ikiwekwa kinyume, begi litaminyika vizuri na hewa isimfikie mtoto. Ndiyo maana ya kile kipimo cha kiganja kila zamu.

Mdoli umwagwe maji kila baada ya somo na kuning'inizwa ukauke. Maji yakilala ndani, ukungu huota na harufu haitoki. Usifungiwe. Ufunguo wa kabati ukiwa kwa mtu aliye likizo, mdoli umekwisha thamani.

Ushauri wetu wa kuagiza kwa hospitali ya wilaya: midoli miwili ya kawaida, mmoja leba na mmoja thieta, ambubegi mbili za mazoezi za aina ileile inayotumika wodini, na barakoa za ziada za namba 0, ambazo ndizo hupotea kwanza na ndizo hukosekana njiti anapozaliwa. Anayeanza sasa amuulize mkufunzi kama anatumia kozi ya Shirika la Afya Duniani ya huduma muhimu kwa mtoto mchanga, toleo la pili la mwaka 2022, ambayo imeyaingiza mafunzo haya ndani yake. Hatua za kumpa mtoto hewa ni zilezile, lakini chati za ukutani zimebadilika, na kubandika za zamani na mpya kwenye ukuta mmoja kunawachanganya wanaofika zamu kwa mara ya kwanza.